Babu Amekalia Ndoo

Kama wiki iliyopita gazeti lilifungiwa vitumbua kabla hujalisoma, pole, lakini hujapotea. Tulimwacha Lisiate Havea, mtu wa miraba minne, Mtonga wa asili ya visiwa vya Tonga, mkazi wa West Valley, mkono wake ukiwa kwenye kitasa cha mlango wa meneja wa Wachimbaji wa Salt Lake, timu ya futiboli ya Kimarekani. Ndani kulikuwa na mtu anasema: "Mwachieni aende zake. Tumechoka kumsubiri."

Lisiate hakuhitaji kuambiwa hiyo ni sauti ya nani. Ilikuwa ya Brannon Keel.

Brannon, mrushaji wa timu! Brannon ambaye miaka yote hii Lisiate amesimama kushoto kwake, akimlinda ule upande ambao mrushaji hauoni akiwa ameinua mkono kurusha mpira. Brannon aliyekuja msibani kwa baba yake Lisiate akiwa amefunga mkeka kiunoni kama Watonga wenyewe, akalia kuliko ndugu wengine.

Lisiate hakubisha hodi. Alisukuma mlango, ukaenda kugonga ukuta, na picha ya kombe ikaanguka chini.

"Rudia," alisema.

Bwana Thayne Croft, meneja, aliinuka nusu kutoka kwenye kiti chake. Alikuwa na tabasamu lile analolitoa kwa waandishi wa habari.

"Lisi! Karibu, karibu. Tulikuwa tunakuzungumzia."

"Nimesikia. Namwambia huyu arudie."

"Babu, tulia basi," alisema Brannon.

Timu nzima inamwita Babu. Ana miaka thelathini na minne, na katika mchezo ule, mtu wa umri huo akiinama kufunga kamba za viatu watu humuuliza kama anahitaji msaada wa kuinuka.

"Usiniite Babu. Mimi na wewe leo hatuna undugu. Rudia ulichosema."

Brannon, kwa vile si mwoga, akarudia.

"Nimesema tumechoka. Mimi nimechoka. Ligi hii hapa inaanza, na mimi sijui nani anasimama mgongoni kwangu. Nikilala naota nimevunjwa uti wa mgongo. Nimemwambia Bwana Croft: mlipeni, au mwachieni aende, huyu dogo aliyepo azoee kazi. Basi. Hicho ndicho nilichosema."

"Mimi nipo hapa kila siku."

"Upo kwenye ndoo, Babu! Mtu aliyekalia ndoo hanilindi!"

Hapo alimgusa penye donda.

Hiyo ndoo ndiyo iliyogeuka habari ya mji. Tangu kambi ya mazoezi ifunguliwe, Lisiate anafika kila asubuhi, maana asipofika anapigwa faini. Lakini havai helmeti. Anageuza ndoo moja ya maji kando ya uwanja, anaikalia na kofia lake la ukili na ndala miguuni, anatazama wenzake wakitoka jasho. Ndio mgomo wake. Mkataba unakwisha msimu huu, naye anataka miaka miwili zaidi yenye dhamana, kwamba akivunjika, klabu isimtupe kama soksi iliyotoboka.

Na ana sababu. Misimu mitatu nyuma alicheza kwa neno la Croft tupu: "Wewe cheza kwanza, tutaongea baadaye." Akacheza. Goti la kulia likachanika. Baadaye ilipofika, Croft alimpigia simu akiwa bado kwenye magongo, akamwambia apunguziwe mshahara au aage. Tangu siku hiyo neno "baadaye" halitamkwi nyumbani kwa Lisiate. Mkewe Kalolaine akilisikia hata kwenye taarifa ya hali ya hewa, anazima televisheni.

"Ofa yangu unaijua," alisema Croft, akiokota picha yake. "Mwaka mmoja. Bila dhamana. Tusidanganyane, Lisi, una goti la mzee."

"Goti limeumia kwenye kazi yako."

"Na mimi nilikuletea maua hospitalini. Au umesahau?"

"Maua!" Lisiate alicheka, na si kicheko cha kufurahisha kukisikia. "Bwana Croft, mimi nakula sahani nne kwa mlo mmoja, na wewe uliniletea maua!"

Croft hakucheka. Lisiate akamgeukia Brannon, akanyoosha kidole kinene ambacho kimeshavunjwa na kuunga kombo.

"Na wewe nisikilize. Kuanzia leo, wakikukunja wakakuvunja vipande viwili mbele ya macho yangu, sinyanyui hata kidole. Umenisikia?"

Lisiate akatoka. Alitegemea kusikia hatua za Brannon zikimfuata koridoni, hata kama ni kuja kugombana. Hazikuja. Brannon alibaki mle ndani na meneja, na mlango ukafungwa nyuma ya Lisiate taratibu.

Hilo la mlango kufungwa ndilo lililomuuma kuliko yote.

*

Ilikuwa Jumamosi, siku ya wapenzi wa timu kuingia bure kutazama mazoezi. Jua la Agosti lilikuwa limeshika, na ubao wa kukalia ulikuwa unaunguza. Lisiate alipotokea tu na ndoo yake, mashabiki wakamdaka.

"Babu! Angalia, hiyo ndoo itaota mizizi!"

"Mwacheni mzee, anatotoa mayai!"

"Babu, mimi nakaa kama wewe kazini kwangu, mbona silipwi?"

"Wewe nyamaza," akajibu mwanamke mmoja mwenye jezi yenye jina la Havea mgongoni. "Huyu amepigwa kwa ajili ya timu hii tangu wewe unanyonya."

"Basi aende akanyonye na yeye!"

Walicheka wote, hata yule mwanamke. Lisiate alishusha kofia usoni. Jana angewajibu, maana ni mtu wa utani. Leo kila neno lilikuwa linaingia ndani na kukaa.

Kalolaine alikuwa kwenye uzio, nyuma tu ya ndoo, amebeba hotipoti ya lu, nyama iliyofungwa kwenye majani ya jimbi na kupikwa kwa tui. Alimnyooshea hotipoti juu ya uzio.

"Kula."

"Sina njaa."

"Wewe? Basi kuna mtu amekufa. Nani?"

Akamweleza. Kalolaine alisikiliza akiwa ameweka mkono kiunoni.

"Brannon huyu huyu? Aliyevaa mkeka msibani kwa baba?"

"Huyu huyu."

"Na mimi niliyemfunga ule mkeka kwa mikono yangu, nikamwambia asipumue sana utafunguka!" Akasonya kwa nguvu hadi watu wakageuka. "Haya. Sasa imekuwa vizuri. Huna tena wa kumwonea huruma humo ndani. Unakaa kwenye ndoo mpaka Croft apige saini. Niahidi."

"Nimeshakuahidi."

"Ahidi tena."

"Kalo, mbona unanifanya mtoto?"

"Kwa sababu naitazama miguu yako, Lisiate. Kila wakianza mchezo pale, miguu yako inacheza. Unadhani siioni?"

Lisiate aliiangalia miguu yake. Kweli, ndala zilikuwa zimechimba majani na kuacha udongo mtupu. Akairudisha miguu nyuma, ikagusa ndoo.

"Naahidi," alisema.

"Nilishakaa hospitali na wewe nikikuosha mgongo," alisema Kalolaine, na sauti yake sasa ilikuwa chini. "Nilikuwa nakuosha na yule bwana anapiga simu kukukata mshahara. Sirudii, mume wangu. Ukiumia safari hii bila karatasi, mimi sijui nitamfanya nini mtu. Nakwambia ukweli."

*

Uwanjani, kazi ya Lisiate ilikuwa imepewa Eli Stoddard, kijana aliyetoka chuo mwezi Mei, mrefu, mwenye nguvu, na mwenye hofu usoni kama mtu anayesubiri kuchomwa sindano.

Wale wa ukuta ni watano. Hawakimbii na mpira, hawafungi, hawaimbwi. Wanainama mstari mmoja mbele ya mrushaji na kuzuia wale wanaotaka kumsaga. Eli alikuwa wa mwisho kushoto, na mbele yake alisimama Tavion Rudd, mvamizi mpya wa timu hiyo hiyo, aliyepangwa upande wa pili kwa mazoezi, mwenye kasi ya ajabu na mdomo unaokimbia kuliko miguu.

"Dogo, leo umekula nini?" Rudd alimuuliza Eli. "Maana unanukia uoga."

Lisiate aliona mara moja tatizo liko wapi. Kila Brannon akitaka kurusha mpira, Eli anahamishia uzito kwenye kisigino cha nyuma kabla mchezo haujaanza. Rudd alikuwa ameshalisoma hilo. Alikuwa anakitazama kisigino tu, kikishuka anaondoka.

Mara ya kwanza Rudd alimpita Eli kama mlango ulioachwa wazi. Kwa bahati, siku za mazoezi mrushaji anavaa jezi nyekundu, na mwenye nyekundu haguswi. Rudd alisimama hatua moja kabla, akampungia Brannon mkono kwa dharau, kisha akageukia kwenye ndoo.

"Babu! Nikuletee chai? Au unataka na mkeka wa kulalia?"

Lisiate alijing'ata ulimi kabisa, akasikia chumvi ya damu.

Katika mchezo uliofuata Brannon aliteleza mwenyewe, akaanguka chali. Hapo sasa msomaji ujue desturi ya watu wale. Mrushaji akiwa chini hainuliwi na mtu yeyote ila wa ukuta. Mpinzani hampi mkono, kocha hampi mkono, hata daktari husubiri. Na kwa miaka yote, mkono wa kwanza kufika huwa wa Lisiate.

Brannon alinyoosha mkono juu bila kutazama, kwa mazoea. Mkono ukabaki hewani. Kisha akageuza kichwa, akaitazama ndoo.

Lisiate aliangalia pembeni, akajifanya anahesabu mawingu.

Alikuja Wendell Oakes, wa katikati ya ukuta, mzee mwenzake Lisiate, mwenye ndevu hadi kifuani. Akamvuta Brannon juu, na alipokuwa anarudi akapitia kwenye ndoo makusudi.

"Umeona ulichofanya?" aliuliza Wendell.

"Nimekaa. Ndicho nilichofanya."

"Babu, sisi wote tuko nyuma yako kwenye hili la mkataba. Unajua. Lakini uso wa Brannon pale chini, hata wewe hukuupenda."

"Wendell, nenda kazini. Wewe una mkataba."

Wendell alitikisa kichwa akaondoka. Kisha, walipopewa nafasi ya kunywa maji, akaja Eli mwenyewe, helmeti mkononi, jasho linamchuruzika hadi kwenye kope.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba."

"Samahani. Najua hutakiwi… Nauliza tu. Nakosea wapi?"

Jibu lilikuwa mdomoni kabisa. Kisigino, dogo, kisigino chako kinakusema. Maneno yasiyojaza hata kijiko. Lakini wakala wake, Odette Marsh, alikuwa amemwonya vikali: usimfundishe mtu. Ukimfundisha huyo dogo unamtengenezea Croft mtu wa kukufukuzia.

"Mimi siko kazini leo," alisema Lisiate.

Eli akawa mwekundu mpaka masikioni.

"Sawa, Babu. Asante."

Akaondoka, na ile "asante" ikamkera Lisiate kuliko matusi yote ya mashabiki. Alijiona mtu wa ovyo. Hapo hapo akamchukia Croft, akamchukia Brannon, akaichukia ndoo, akalichukia na goti lake. Mambo gani haya, mtu kulipwa haki yake mpaka kwanza awe na roho mbaya?

Simu ikalia.

"Lisi, umekaa?" Ilikuwa sauti ya Odette, na alikuwa anahema.

"Nina kazi gani nyingine?"

"Wamekubali!"

"Wamekubali nini?"

"Kila kitu! Miaka miwili. Dhamana yote. Croft amenipigia sasa hivi, sauti imemkauka kama amekula unga mtupu. Nimeshasoma, hakuna ujanja ndani. Daktari wao alishakupima Jumatatu, hakuna kipimo kingine. Anashuka uwanjani na karatasi, unasaini hapo hapo mbele ya mashabiki, mimi niko njiani nakuja."

Kofia lilimwanguka Lisiate.

"Lisi? Upo?"

"Asubuhi alinikatalia, Odette. Kimembadilisha nini?"

"Sijui, na sitaki kujua. Nilichosikia ni kwamba Keel alibaki ofisini kwake muda mrefu, na watu wa koridoni walisikia makelele. Mimi yangu ni moja tu. Mpaka saini ipigwe wewe ni sanamu. Usisimame, usinyooshe mgongo, usipige chafya. Croft anatafuta sababu ya kurudi nyuma, usimpe. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Sanamu, Lisi!"

"Sanamu."

Simu ilikatika. Lisiate aligeuka kwenye uzio, akamwonyesha Kalolaine dole gumba. Kalolaine hakuelewa. Lisiate akaandika hewani kama mtu anayesaini, na hapo Kalolaine akaelewa, akaziba mdomo kwa mikono yote miwili. Yule mwanamke wa jezi ya Havea alimkumbatia bila kujua kwa nini.

Mbali, mlango wa jengo la ofisi ulifunguka. Alitoka Bwana Croft katika shati lake jeupe, kabrasha kwapani, wapiga picha wawili nyuma yake. Alikuwa anatembea kama mtu anayekwenda kung'olewa jino.

Makelele ofisini? Brannon alipiga kelele za nini? Lisiate alimtafuta kwa macho. Alikuwa pale katikati, nyuma ya ukuta, anaita mchezo kwa sauti, na mkono wake wa kulia ukipapasa suruali kama kawaida yake akiwa na wasiwasi.

Kisha macho ya Lisiate yakashuka yenyewe hadi kwenye kisigino cha Eli.

Kisigino kilishuka.

"Dogo, kisigino!" alipaza sauti. Alikuwa amechelewa.

Rudd alikwishaondoka. Alimpita Eli kwa nje, akakunja kona, na safari hii hakusimama hatua moja kabla. Labda kasi ilimzidi, labda ni ushamba wa kutaka kuonekana na mashabiki, hilo atajua yeye na Mungu wake. Alimpiga Brannon mgongoni kwa bega, mzima mzima, jezi nyekundu na yote. Helmeti ya Brannon iliruka ikabiringika peke yake.

Uwanja mzima ulisema "Aaah!"

Wendell alimrukia Rudd. Mwenzake Rudd akamrukia Wendell. Mara watu kumi wako juu ya watu kumi, ngumi zinapigwa kwenye helmeti, makocha wanapuliza filimbi mpaka mashavu yanataka kupasuka. Na chini ya rundo lile, kichwa wazi, alikuwa Brannon Keel, mkono mmoja umetoka nje ya miguu ya watu.

Mkono ulikuwa umenyooshwa juu.

Msomaji, ukimuuliza Lisiate mpaka kesho hatakwambia aliinuka lini. Alichokumbuka ni Kalolaine kuita jina lake, jina zima, kama wanavyoitana Watonga wakiwa wamekasirika. Ndala moja ilibaki kwenye ndoo. Ya pili ilikuwa mguuni.

Alifika kwenye rundo akaanza kuwatoa watu. Aliwavuta kwa mikanda, akawarusha huku na huku. Alimkuta Rudd juu kabisa ya Brannon, akamkamata jezi kifuani, akamnyanyua mpaka vidole vya miguu vikaning'inia.

"Nyekundu!" alimfokea. "Huoni rangi, wewe? Kwenu hakuna nyekundu?"

"Sikukusudia, Babu! Haki ya Mungu, nimeshindwa kusimama!"

Lisiate alimsukuma kando. Na pale aliposukuma, mguu wa kulia ulibaki na uzito wote, ukiwa na ndala, juu ya majani yaliyomwagikiwa maji. Ndala ikateleza. Mwili ukaenda huku, goti likabaki kule.

Halikulia sana. Lilitoa mlio mdogo tu ndani. Lakini Lisiate alikuwa ameshausikia mlio ule mara moja maishani, na hakuwa na haja ya kutafsiriwa.

Alikaa chini kando ya Brannon, taratibu, kama mtu aliyeamua tu kupumzika.

"Babu," alisema Brannon. Alikuwa anahema, pua inatoka damu, lakini macho yalikuwa safi. "Ulisema hutanyanyua kidole."

"Sijanyanyua kidole. Nimekuja mzima."

Brannon alicheka, kisha akaona uso wa mwenzake, kicheko kikakatika.

"Goti?"

"Nyamaza."

"Babu, ni goti? Sema."

"Nimekwambia nyamaza! Croft yuko wapi?"

Brannon aliangalia nyuma. Croft alikuwa amesimama kwenye mstari wa uwanja, kalamu mkononi, ameinua shingo.

"Yuko pale. Ana kalamu." Brannon akashusha sauti. "Nilimwambia asubuhi, ulipotoka. Alitaka niende kwenye televisheni niseme wewe si wa maana. Nikamwambia asipokupa dhamana yako, atafute na mrushaji mwingine. Nilikuwa nimekasirika na wewe, Babu. Bado nimekasirika. Lakini sikuwa nimefika huko."

Lisiate alifumba macho. Alitaka kumtukana, alitaka kumshukuru. Wiki zote za kukaa kwenye ndoo, matusi yote aliyoyameza, dogo aliyemnyima neno moja tu, halafu ahadi kwa mkewe kavunja saini ikiwa inakuja inatembea kwa miguu. Alipiga majani kwa ngumi. Angalau dogo angeambiwa habari ya kisigino!

"Umeumia?" aliita Croft kutoka pale mstarini. Uwanja ulikuwa umetulia, kila mtu alisikia.

Kwa maisha yake yote ya kazi, Lisiate amekuwa na jibu moja kwa swali hilo.

"Hapana!" aliita.

"Basi njoo usaini."

Wendell alikuwa ameinama juu yake. Aliangalia goti mara moja tu, kisha akaangalia mbali haraka. Alipiga mluzi mfupi, na wale wa ukuta wakasogea. Wendell upande mmoja, wengine watatu mbele, Eli nyuma, uso umempauka.

"Kisigino chako," Lisiate alimwambia Eli. "Kinashuka kabla ya mchezo. Ndio kosa lako, hakuna lingine."

"Ndiyo, Babu."

"Nisamehe kwa kutokwambia."

Wakamwinua, Brannon kwenye bega la kulia, na huyo alikuwa mrushaji wa kwanza kuonekana akimwinua mtu wa ukuta. Wakaanza kwenda, bega kwa bega, wamebanana, kundi kubwa la miili lililoficha miguu yote isionekane. Mashabiki wakashangilia. Walidhani ni sherehe.

"Taratibu," alinong'ona Wendell. "Sisi tunatembea, wewe ning'inia tu. Unasaini, tunakuingiza ndani. Mtu hajaona kitu."

Kwenye uzio, Kalolaine hakushangilia. Hotipoti ilikuwa chini, lu imemwagika kwenye viatu vyake. Alikuwa anamtazama mumewe usoni, na uso ule alishauona hospitalini, anaujua.

Walibakiza kama urefu wa chumba. Croft aliinua mkono.

"Simameni hapo."

Wakasimama. Croft alitazama mabega yaliyobanana, akatazama ndevu za Wendell, akatazama mkono wa Lisiate ulivyomkaba Brannon. Lile tabasamu la waandishi likamrudia.

"Wendell, nimemwita mtu mmoja, sikuita ukuta. Nyie rudini kazini." Akabofya kalamu. "Aje peke yake."

Hakuna aliyesogea.

"Usijaribu, Babu," Brannon alimnong'oneza sikioni. "Ukiuweka chini huo mguu, goti linaisha kabisa. Tutamwambia ukweli, nitapigana naye tena."

"Ukimwambia ukweli hakuna karatasi."

"Babu…"

"Niache, Brannon."

Brannon aliachia. Wendell akaachia. Ukuta ukafunguka katikati, na mbele yake Lisiate aliona majani, shati jeupe, na kalamu.

Akainua mguu wa kulia, akakanyaga chini.